Trekta la Ukubwa Gani Linatosha Shamba Dogo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mwenye shamba la ekari 2 hadi 50 hivi, anayetaka trekta la kumfanyia kazi zake bila kumfilisi na bila kumkwamisha katikati ya msimu. Nguvu ya injini tumeitaja kwa hp, yaani nguvu za farasi. Ukikuta trekta limeandikwa kilowati, zidisha kwa 1.34 upate hp.

Nianze kuangalia nini, injini au kazi?

Kazi. Chukua karatasi uandike kila kitu ambacho trekta litafanya kwa mwaka mzima: kulima, kupiga haro (kuvunja mabonge baada ya kulima), kufyeka, kubeba samadi, kuvuta tangi la maji, kuchimba mashimo ya nguzo za uzio. Mbele ya kila kazi andika zana yake, upana wake, uzito wake, na idadi ya siku itakazotumika. Ukimaliza, zungushia duara zana iliyo ngumu kuliko zote kuvuta, na ile iliyo nzito kuliko zote kunyanyua. Mara nyingi ni zana mbili tofauti, na hizo ndizo zitakazokuchagulia trekta.

Sasa tazama safu ya siku. Kama plau litaingia shambani siku 2 kwa mwaka, na siku 60 nyingine ni za kufyeka na kubeba mizigo, mlipe mtu mwenye trekta kubwa akulimie hizo siku 2, wewe ununue trekta la zile 60. Tunaona watu wengi wakifanya kinyume: wananunua trekta la plau, halafu mwaka mzima wanahangaika kugeuza dude hilo kwenye njia nyembamba za shamba.

Muuzaji anasema trekta lina hp 40. Mbona zana ya hp 38 inalishinda?

Kwa sababu hp 40 ni za injini. Zana inayozungushwa na PTO, ile shafti ya nyuma, hupata kilichobaki baada ya giaboksi na pampu ya haidroliki kuchukua sehemu yao. Kwa trekta la gia za kawaida hesabu asilimia 85 hivi: hp 40 za injini ni kama 34 kwenye PTO. Trekta linaloendeshwa kwa haidroliki, lile lisilo na gia za kubadilisha ukiwa mwendoni, hupoteza zaidi kidogo. Nguvu inayofika kwenye kuvuta udongoni ni ndogo kuliko hapo, maana matairi nayo huteleza na kuzama.

Kwa hiyo, kila unapolinganisha matrekta mawili, uliza hp ya PTO. Kama haikuandikwa, chukua ya injini uzidishe kwa 0.85.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa na walio nyanda za juu. Injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwenye mita 1,800 umepoteza karibu asilimia 18 kabla hujafunga zana yoyote.

Zana zipi zinahitaji nguvu kiasi gani?

Hivi ni vipimo vya kuanzia, kwa udongo wa wastani na ardhi isiyo na mwinuko mkali. Udongo mzito wa mfinyanzi unaongeza, kichanga kinapunguza.

Slasha ya kufyekea nyasi na vichaka ya upana wa mita 1.2 inataka hp 20 kwenye PTO. Ya mita 1.5 inataka 25 hadi 30. Ya mita 1.8 inataka 35 hadi 40 kama kuna vichaka vya miti. Rotaveta, ile ya visu vinavyozunguka kusaga udongo, ndiyo mlafi wa nguvu kuliko zote kwa upana wake: mita 1.2 ipe trekta la hp 30 hadi 35 za injini, mita 1.5 ipe 40 hadi 45, mita 1.8 ipe 50 au zaidi. Plau la sahani 2 linavutwa na trekta la hp 35 hadi 45. La sahani 3 linaanzia 50 na kupanda hadi 70 kwenye mfinyanzi. Haro ya kubebwa ya sahani 12 inatosheka na hp 35 hadi 45, ya sahani 16 inataka 50 hadi 60. Mashine ndogo ya kufunga marobota ya mstatili haitaki chini ya hp 35 kwenye PTO, na hapo tatizo huwa si nguvu peke yake: pistoni yake inapiga mbele na nyuma mfululizo, na trekta jepesi husukumwa nayo huku na huku kwenye mteremko.

Mashine ya kunyunyizia dawa, ya kusambaza mbolea, na ya kuchimba mashimo ya nguzo hazina madai makubwa. Trekta la hp 25 linazimudu. Kwenye mashine ya dawa tatizo ni uzito: tangi la lita 400 likijaa, pamoja na fremu yake, ni karibu nusu tani inayoning'inia nyuma.

Nioneshe hesabu ya plau. Nataka kujua namba hizi zinatoka wapi.

Chukua plau la sahani 3, linalokata upana wa mita 0.75 na kina cha sentimita 20. Eneo linalokatwa ni 0.75 × 0.20, yaani mita za mraba 0.15. Udongo wa wastani unakataa kwa nguvu ya kilonewtoni 50 hivi kwa kila mita ya mraba. Zidisha: 7.5. Hicho ndicho kilonewtoni ambacho trekta lazima livute, sawa na kilo 765 hivi.

Mwendo wa kulima ni kilomita 5 kwa saa. Nguvu ya kuvuta ni 7.5 × 5 ÷ 3.6, yaani kilowati 10.4. Hapo mtu husema: kumbe hp 14 zinatosha! Hazitoshi. Kwenye shamba laini ni asilimia 55 tu ya nguvu ya PTO inayogeuka kuwa mvuto, kwa hiyo 10.4 ÷ 0.55 ni kilowati 19. Usiifanyishe injini kazi kwa asilimia 100 saa nzima. Acha akiba ya asilimia 20: 19 ÷ 0.8 ni karibu 24. Rudisha kwenye injini, 24 ÷ 0.85, upate kilowati 28 hivi, ambazo ni hp 38. Hicho ni kima cha chini; zile 50 tulizoanzia hapo juu zinaacha nafasi ya udongo mgumu zaidi na ya uzito tutakaoueleza hapa chini.

Badilisha kitu kimoja tu, udongo. Mfinyanzi mzito unakataa kwa 80 badala ya 50. Rudia hesabu ile ile na utafika hp 60 hivi. Plau ni lile lile, kina ni kile kile, mwendo ni ule ule. Ndiyo maana jirani yako wa ng'ambo ya mto anaweza kukusifia trekta lake la hp 40 na asiwe anadanganya, na bado likakuangusha kwako. Pia ongeza kina kutoka sentimita 20 hadi 25 na mzigo unapanda kwa robo nzima. Ukibanwa, punguza kina au ondoa sahani moja kabla ya kufikiria injini kubwa.

Kama injini ina nguvu, uzito wa trekta una maana gani?

Una maana kuliko watu wanavyodhani, na hili ndilo tungependa kila mnunuzi aondoke nalo. Injini inazungusha gurudumu, lakini kinacholifanya gurudumu lishike ardhi ni uzito ulio juu yake. Kwenye udongo mgumu kiasi, trekta linalovuta kwa magurudumu 2 ya nyuma huvuta takribani asilimia 40 ya uzito wake. Kwenye udongo laini hupungua. Plau letu la hapo juu lilitaka kilo 765. Gawanya kwa 0.4 na utaona unahitaji trekta la kilo 1,900 hivi. Trekta la kisasa la kilo 1,200 lenye hp 40 litakuwa na injini ya kutosha, lakini litakuchimbia mashimo mawili ya matairi mahali liliposimama.

Harry Ferguson, mhandisi na mbunifu wa matrekta, alilishughulikia jambo hili mapema. Kwenye mfumo wake wa mikono mitatu ya kufungia zana nyuma ya trekta, uliotumika katika trekta la TE20 lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, haidroliki huhisi jinsi plau linavyovuta na kuliinua kidogo, ili sehemu ya uzito wa plau na wa udongo ihamie kwenye magurudumu ya nyuma. Trekta la tani moja na ushee likaweza kulima bila kubebeshwa vyuma vingi. Trekta unalonunua leo likiwa na mikono mitatu lakini halina udhibiti huo wa mvuto, faida hiyo huna. Uliza, na uombe uoneshwe wenzo wake. Kwa kawaida zipo wenzo mbili karibu na kiti, moja ya kimo na nyingine ya mvuto.

Nitajuaje kama trekta langu ni jepesi mno kwa zana niliyofunga?

Pima kuteleza. Unahitaji chaki, vijiti viwili na futi ya mkanda.

Chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi la nyuma, mahali utakapoiona ikipita chini. Ingia shambani kwenye udongo uleule utakaolima, nyanyua zana, weka gia na mwendo wa kulima. Mtu atembee kando, achome kijiti alama inapogusa ardhi, ahesabu mizunguko 10, achome kijiti cha pili. Pima umbali. Tuseme ni mita 40. Sasa shusha plau kwenye kina chako cha kawaida, rudia mizunguko 10 kwa gia ileile. Ukipata mita 35, umepoteza 5 kati ya 40, yaani asilimia 12.5, na hapo uko pazuri. Ukipata mita 30, umepoteza asilimia 25: robo ya dizeli yako inasaga mpira wa tairi.

Kati ya asilimia 8 na 15 ndipo panapotakiwa. Chini ya 8 trekta lina uzito mwingi kuliko inavyohitajika, linabeba vyuma vya bure na kuibana ardhi. Nyayo za tairi nazo zinasema: zikiwa zimechorwa wazi kabisa kama muhuri, uzito umezidi, zikiwa zimefutika kote, umepungua, zikiwa wazi pembeni na zimevurugika katikati, acha hivyo hivyo.

Naweza kuongeza uzito badala ya kununua trekta kubwa?

Ndiyo, kwa kiasi. Njia rahisi ni maji ndani ya matairi ya nyuma. Nyanyua ekseli kwa jeki, zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, jaza maji mpaka yafike usawa wa valvu. Hiyo ni kama asilimia 75 ya tairi, na hewa iliyobaki juu hulifanya tairi liendelee kuwa na ulaini. Tairi la 12.4-28 hupokea karibu lita 170, kwa hiyo mawili yanakupa kilo 340 bila chuma chochote. Mahali penye baridi ya kugandisha, maji matupu yanaweza kuliharibu tairi. Tumia maji yenye dawa ya kuzuia kuganda.

Mbele weka vyuma maalumu kwenye bampa. Trekta likiwa limenyanyua zana nyuma, angalau asilimia 20 ya uzito wote ibaki kwenye magurudumu ya mbele, la sivyo usukani hautakutii. Lakini usigeuze trekta la hp 30 kuwa la hp 50 kwa kulibebesha mawe na saruji. Giaboksi na ekseli zilitengenezwa kwa mvuto fulani. Tairi linaloteleza linailinda giaboksi. Ukilizuia lisiteleze kabisa, kitakachofuata kusalimu amri ni jino la gia au shafti ya nyuma. Kitabu cha trekta kinataja kikomo cha uzito, kiheshimu.

Magurudumu 2 yanayovuta au 4?

Ardhi tambarare na kavu, kazi za kufyeka na kubeba: 2 yanatosha, matengenezo ni machache, na kona ni fupi. Ukiwa na kijiko cha mbele, mteremko, au udongo unaoshika maji, chukua 4. Trekta dogo la magurudumu 4 mara nyingi linashinda trekta kubwa la magurudumu 2 kwenye tope, na kwenye mteremko breki ya injini inashika ekseli zote mbili. Ukiwa kwenye barabara ngumu zima ya mbele, maana magurudumu ya mbele huzungushwa kwa kasi kubwa kidogo kuliko ya nyuma, na kwenye lami tofauti hiyo inakula matairi na gia za ekseli ya mbele.

Kipeperushi kinasema linanyanyua kilo 1,000. Naweza kubeba robota la kilo 900?

Angalia kipimo kilichukuliwa wapi. Watengenezaji wengine hupima kwenye ncha za mikono yenyewe, wengine sentimita 61 nyuma ya ncha. Tofauti ni kubwa: kilo 1,000 kwenye ncha zinaweza kuwa 700 hadi 800 tu ukirudi zile sentimita 61, na huko ndiko uzito wa zana yako ulipo. Robota la duara la upana wa mita 1.2 lina kilo 300 hadi 450 likiwa kavu, na kitovu chake kinakaa mbali zaidi. Plau la sahani 3 ni kilo 350 hadi 450.

Mikono nayo ina madaraja. Daraja la 1 lina pini za chini za milimita 22 na ya juu ya 19. Hili liko kwenye matrekta ya hp 20 hadi 45 hivi. Daraja la 2 lina pini za 28 na 25, na zana zake ni nzito. Bushi za kupunguza tundu zipo, kwa hiyo zana ya daraja la 1 itaingia kwenye mikono ya daraja la 2. Kwamba imeingia si kwamba inafaa: daraja dogo maana yake zana ilijengwa kwa trekta dogo.

Nataka kijiko cha mbele. Kinabadilisha nini?

Kinabadilisha karibu kila kitu. Ukijaza kijiko mchanga mbichi, lita 300 ni karibu nusu tani, mbele kabisa ya ekseli ya mbele. Magurudumu ya nyuma yanaanza kuelea, breki zinapungua kwa kuwa kwenye matrekta mengi ziko nyuma, na beringi za mbele zinabeba mzigo mara mbili. Lazima kuwe na uzito nyuma: slasha iliyofungwa, au boksi la saruji kwenye mikono mitatu. Beba kijiko kikiwa chini, usawa wa magoti, na ukinyanyue pale tu unapomwaga. Kwa kazi ya kijiko ya kila wiki chagua trekta la magurudumu 4 lenye usukani wa haidroliki na wenzo wa kwenda mbele na nyuma bila kuhangaika na klachi. Kukanyaga klachi mara 200 kwa asubuhi moja kunaichosha sahani yake, na mguu wako pia.

Si bora ninunue kubwa tu, kuliko kujuta?

Kubwa kidogo, ndiyo. Kubwa mno ni mateso ya aina nyingine. Trekta la hp 75 kwenye shamba la ekari 6 linatumia nafasi kubwa kugeuka mwisho wa mstari, na kwenye shamba fupi muda wa kugeuka unazidi muda wa kulima. Linakandamiza ardhi, hasa ukiingia mapema baada ya mvua. Matairi, filta, oili, vyote ni vikubwa na ghali zaidi. Injini kubwa ikifanyishwa kazi ndogo kila siku haifikii joto lake zuri, na masizi hujaa kwenye nozeli na ekzosi.

Tazama faida ya kasi kwa namba. Ekari kwa saa unazipata hivi: upana wa zana kwa mita × mwendo kwa kilomita kwa saa × 0.75 ÷ 10 zinakupa hekta kwa saa, na hekta 1 ni ekari 2.47. Plau la sahani 2, upana wa mita 0.5, kwa kilomita 5 kwa saa, linamaliza ekari moja kwa saa 2 na dakika chache. La sahani 3 linaimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Kwa ekari 10 tofauti nzima ni saa 7. Siku moja ya kazi, mara moja au mbili kwa mwaka. Jiulize kama siku hiyo inastahili trekta lenye bei ya juu mara moja na nusu. Kama mvua zako hukupa dirisha la siku 4 tu za kulima, jibu linaweza kuwa ndiyo. Kama una wiki 3, sivyo.

Nina ekari 2 tu. Pawatila haitoshi?

Kwa bustani, mashamba ya maji na vitalu, inatosha. Pawatila ya hp 10 hadi 15, yaani trekta dogo unalolishika kwa mikono na kutembea nyuma yake, inapita mahali ambapo trekta la magurudumu 4 haliwezi kugeuka. Inachosha mikono, haibebi zana nzito, na haifai ardhi ngumu iliyokaa miaka bila kulimwa. Kuivuta trela kwenye mteremko mkali ni hatari, kwa kuwa trela linaweza kuisukuma mbele na ukashindwa kuielekeza.

Klachi na gia zinahusiana vipi na ukubwa?

Zinahusiana na kazi, na kazi ndiyo ukubwa. Klachi ya hatua moja husimamisha trekta na PTO kwa pamoja. Ukiwa na rotaveta na udongo umeanza kujaa mbele yake, unataka trekta lisimame huku visu vikiendelea kuzunguka. Klachi ya hatua moja haikuruhusu. Mbaya zaidi ni slasha: visu vyake vizito, ukikanyaga klachi kwenye trekta la zamani, vinaendelea kuzunguka na kulisukuma trekta mbele kupitia giaboksi, moja kwa moja kwenye uzio. Kama ndilo trekta unaloweza kulimudu, funga kifaa cha kuzungukia upande mmoja kwenye shafti ya PTO, kinachoruhusu zana izunguke bila kuirudisha nguvu kwenye trekta. Klachi ya hatua mbili inatosha kazi nyingi. PTO inayojitegemea ni bora zaidi.

Rotaveta inataka mwendo wa kilomita 2 hadi 4 kwa saa huku PTO ikizunguka 540 kwa dakika. Hakikisha trekta lina gia ya polepole inayofika hapo. Matrekta mengine gia yao ya kwanza ni ya haraka kuliko hivyo, na utaona mabonge makubwa yakibaki nyuma yako hata kama hp ni nyingi.

Nipime nini shambani kabla ya kununua?

Mlango mwembamba kuliko yote, kimo cha banda, nafasi kati ya miti, na upana wa mistari. Fremu ya kumkinga dereva huinua trekta dogo hadi mita 2.3 au zaidi. Ile inayokunjika inasaidia kwenye banda na chini ya matawi. Kwa mistari ya sentimita 75, matairi yakae sentimita 150 kutoka katikati hadi katikati ili kila tairi lipite katikati ya nafasi yake. Uliza kama rimu zinageuzwa ili kupanua au kubana.

Shamba langu lina mteremko.

Basi upana kati ya matairi na uzito unaokaa karibu na ardhi ni muhimu kuliko hp. Tanua matairi ya nyuma kadiri kazi inavyoruhusu. Usinunue trekta lisilo na fremu ya kinga, na ufunge mkanda kila fremu inaposimama, ukiikunja, usifunge. Vuta mzigo kwa chuma cha chini cha kuvutia tu. Ukifunga mnyororo juu ya ekseli au kwenye mkono wa juu, trekta linaweza kuinuka pua na kulala chali kwa muda wa kama sekunde moja na nusu, na hakuna dereva mwenye mguu wa haraka kuliko hapo. Trela lisilo na breki lisizidi uzito wa trekta, na ukiwa unateremka lipungue zaidi. Shafti ya PTO bila kava lake ni kifo: mizunguko 540 kwa dakika ni 9 kwa sekunde, na nguo iliyoshikwa haikupi muda hata wa kupiga kelele.

Litakula dizeli kiasi gani?

Kwa kazi mchanganyiko, zidisha hp ya PTO kwa 0.17. Trekta la hp 34 kwenye PTO litakunywa karibu lita 5.8 kwa saa kwa wastani; likiwa kwenye plau zito litazidi, likivuta trela tupu litapungua.

Nimepata la zamani la ukubwa ninaoutaka. Nikague nini?

Fika kabla halijawashwa na ushike injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, waliipasha kukufichia tabu ya kuwaka. Liwake likiwa baridi. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto ni maji au dizeli isiyoungua. Mweusi mwingi mara nyingi ni filta ya hewa iliyoziba au nozeli mbovu. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Nyanyua zana nzito, zima injini, subiri dakika 10. Ikishuka kidogo ni uzee. Ikilala chini kabisa, sili au silinda ya haidroliki imekwisha. Shika tairi la mbele juu na chini utikise, kisha inua ekseli ya mbele kwa jeki uangalie pini yake ya katikati. Hapo ndipo matrekta yaliyobeba kijiko huumia. Weka gia ya juu, kanyaga breki, achia klachi polepole: injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Mwisho hesabu matairi ya nyuma kama sehemu ya bei, kwa kuwa mawili mapya kwenye trekta la zamani yanaweza kuwa gharama kubwa kuliko matengenezo mengine yote.

Nimebaki na saizi mbili na siwezi kuchagua.

Omba yote mawili yaje shambani kwako na zana yako ngumu kuliko zote, kwenye udongo wako, ukiwa na unyevu wa siku za kulima. Lima mistari 10 kwa kila moja na upime kuteleza kwa chaki kama tulivyoeleza. Dogo likiteleza asilimia 15 au chini na injini yake haizami chini ya mwendo wake wa kazi, chukua lile dogo. Kama dogo linateleza 20 lakini injini bado ina pumzi, liongezee maji matairi ya nyuma ulijaribu tena. Kama injini ndiyo inayozama, chukua kubwa, au rudi kwenye karatasi yako uipunguzie zana sahani moja.